Sahihi ya Fundi Mchanga

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kututembelea katika likizo fupi ya siku nne. Ni kijana wa miaka ishirini na minne aliyesomea ufundi wa ndege, upande wa mwili wa ndege na injini, na ana miezi saba tangu aajiriwe kwa majaribio katika karakana moja ambayo sitaitaja. Siku mbili za kwanza alikula, akalala, akamsaidia bibi yake kuchuma mbaazi. Siku ya tatu jioni, tulipokuwa tumekaa barazani, aliniuliza: “Babu, mtu akisema kweli, halafu ikaonekana kwamba hapakuwa na haja ya kuisema, amekosa?”

Nimefundisha kwa miaka mingi, na ninajua kwamba swali la namna hiyo halizuki hewani. Nikamwambia anieleze kisa chenyewe.

Alikuwa zamu ya usiku. Ndege ilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kazi ilikuwa kukagua sehemu kadhaa chini ya bawa, na kadi ya kazi ilikuwa na mistari mingi, kila mstari na nafasi yake ya sahihi ya mtu aliyeifanya sehemu hiyo. Mstari mmoja ulikuwa mtupu. Fundi aliyehusika alikuwa wa zamu ya mchana. Alikwisha kwenda nyumbani na simu yake haikupatikana. Kifuniko kilikwisha kurudishwa, skrubu zote zikiwa mahali pake. Msimamizi wa zamu, mtu mzima mwenye leseni na uzoefu mwingi, alimwambia: “Weka sahihi yako hapo, mimi nitaifunga kadi.” Mjukuu wangu akajibu: “Samahani, mzee, kazi hiyo mimi sijaiona.”

Msimamizi alinyamaza kidogo, kisha akaamuru kifuniko kifunguliwe. Wakaangalia ndani kwa tochi na kioo, wakapima kila kilichostahili kupimwa. Mambo yote yalikuwa barabara. Fundi wa mchana alikuwa ameifanya kazi yake vizuri kabisa. Alichosahau ni kalamu tu. Wakafunga tena. Ndege ikachelewa kwa saa moja na nusu, abiria wakanung’unika, na tangu asubuhi ile kijana amepachikwa jina pale karakanani. Anaitwa Bwana Sijaiona. Fundi wa mchana hasemi naye, kwa kudhani kwamba alitiliwa shaka. Na mwisho wa mwezi ujao wakubwa watakaa kuamua ni nani kati ya vijana wanaojaribiwa atakayepewa ajira ya kudumu.

Ningeweza kumjibu mara moja kwamba amefanya vyema, akalale. Lakini jibu hilo alikuwa nalo tayari, na halikumwondolea uzito. Alitaka kujua ni kwa nini jambo jema limeacha ladha ya kosa. Tulizungumza hadi usiku, na tangu alipoondoka nimeendelea kulifikiri. Haya ninayoyaandika ni sehemu niliyomwambia na sehemu niliyochelewa kuikumbuka.

Kwanza inafaa msomaji ajue mwanzo wa kazi hii ulivyo. Wengi wetu tukisikia kazi ya ndege tunamfikiria rubani na kofia yake. Fundi hatumwoni. Kizazi changu kiliijua kazi hii kwa mbali tu: hadi mwaka 1977 nchi zetu tatu zilikuwa na shirika moja la ndege la Afrika Mashariki, na karakana yake kubwa ilikuwa Nairobi. Shirika lilipovunjika kila nchi ikaanza kujitegemea, na kijana wa Kitanzania aliyetaka kushika spana ya ndege akawa na njia nyingine za kutafuta. Lakini popote anapoanzia, fundi mchanga huanzia chini. Hufagia sakafu, husafisha vipuri kwa mafuta na kitambaa, hubeba ngazi, humshikia mwenzake tochi. Haruhusiwi kuitangaza ndege kuwa tayari kuruka. Hilo ni la mwenye leseni, na leseni haipatikani kwa cheti cha chuo peke yake. Nchini Marekani, kwa mfano, mtu anayetegemea uzoefu wa kazini badala ya chuo hutakiwa kuonyesha miezi 18 ya kazi ya mikono kwa mwili wa ndege au kwa injini, na miezi 30 kwa vyote viwili, ndipo aruhusiwe kufanya mitihani.

Katika miezi hiyo yote, jambo analofundishwa zaidi ni kutoa hesabu ya alichokifanya. Mjukuu wangu alinieleza juu ya ubao wa vifaa: kila spana na kila bisibisi ina umbo lake lililochorwa ubaoni, ili ikikosekana nafasi yake ionekane tupu. Mwisho wa zamu huhesabiwa. Kifaa kimoja kikipotea, hutafutwa hadi ijulikane kilipo, hata kama ndege inasubiriwa, kwa kuwa kisipoonekana mkononi mwa mtu huenda kimebaki ndani ya injini. Nilipenda sana ubao huo. Unasema “sijakiona” bila kuona haya, na hakuna anayeupachika jina.

Sasa tuje kwenye sahihi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: sahihi ni jina ambalo mtu analiandika kwa mkono wake, na sahihi ni jambo lililo kweli, lisilo na kosa. Katika kazi nyingi mambo hayo mawili hutengana kila siku na dunia haianguki siku hiyo. Katika ndege yanatakiwa yakae pamoja, kwa sababu moja rahisi: kazi ikikwisha, hufunikwa. Bati hurudishwa, rangi hupakwa, na hakuna atakayeiona tena mpaka ukaguzi mwingine, pengine baada ya miaka. Kinachobaki kuonekana ni karatasi. Rubani haoni ribiti, anaona karatasi. Abiria haoni hata karatasi.

Nilimsimulia kijana ajali ambayo yeye aliijua kuliko mimi, maana wameisoma chuoni. Mwezi Juni 1978 ndege kubwa ya Kijapani aina ya Boeing 747 ilikwaruza mkia wake ardhini ilipokuwa inatua Osaka. Ukuta wa nyuma, ule unaozuia hewa ya chumba cha abiria isitoke kuelekea mkiani, uliharibika, ukatengenezwa na mafundi wa kampuni iliyoiunda ndege hiyo. Katika kuunga sehemu mpya na ya zamani lilihitajika bati moja la kiungo, zima, ili mzigo ubebwe na safu za kutosha za ribiti. Badala ya bati moja vikatiwa vipande viwili, na sehemu ya kiungo ikabaki ikishikwa na safu moja tu. Ndege ikarudi kazini. Kila iliporuka, hewa iliusukuma ukuta ule. Kila ilipotua, ukalegea. Chuma kikifanyiwa hivyo huchoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ndege ile iliruka zaidi ya mara 12,000 kwa miaka saba, na ukaguzi wa miaka hiyo haukuling’amua kosa. Tarehe 12 Agosti 1985, dakika chache baada ya kuondoka Tokyo, ukuta ulipasuka, hewa ikang’oa sehemu kubwa ya mkia, na marubani wakabaki na chombo kisichotii usukani. Walipambana nacho kwa zaidi ya nusu saa. Watu 520 walikufa milimani. Walionusurika ni wanne. Shirika lile lilifungua mwaka 2006 mahali pa kuhifadhia mabaki ya ndege hiyo, pamoja na ukuta wenyewe, ili wafanyakazi wake waone kwa macho yao na wajifunze.

Mimi si fundi, na sikuitaja ajali hiyo ili kumtisha mtu. Niliitaja kwa sababu ya hesabu yake. Mara 12,000 ndege ile ilifika salama, na kila safari ilikuwa kama shahidi anayesema kwamba kazi ya mwaka 1978 ilikuwa njema. Mashahidi 12,000 walisema uongo bila kujua. Basi mambo kwenda vizuri si ushahidi kwamba yalifanywa vizuri. Na hapo ndipo nilipomgeuzia mjukuu wangu swali lake. “Mlipofungua kifuniko mkakuta kazi ni nzima, mlijua kwa sababu gani?” Akasema, “Kwa sababu tulifungua.” Nikamwambia: “Kabla ya kufungua, ni nani katika karakana ile aliyekuwa anajua?” Akafikiri, akasema hakuna. Msimamizi alitumaini na wewe ulitumaini, na matumaini yenu yalikuwa na msingi, maana fundi wa mchana ni hodari. Lakini kadi haikuuliza mnatumaini nini.

Tena, yeye hakusema kwamba kazi ni mbovu. Angesema hivyo, matokeo yangemwumbua. Alisema hajaiona, na neno hilo lilikuwa kweli kabla ya kifuniko kufunguliwa na likabaki kuwa kweli baadaye. Kwa hiyo haja ya kulisema haiwezi kupimwa kwa kilichokutwa ndani.

Kijana hakuridhika upesi, na nilifurahi kwamba hakuridhika. Alisema: “Lakini babu, kama kila mtu atadai kuona kwa macho yake, hakuna ndege itakayoruka. Mimi mwenyewe natumia bolti ambazo sikuzitengeneza.” Hii ni hoja ya kweli. Hatuwezi kuishi bila kuaminiana. Hata mimi ninapomeza kidonge cha presha ninamwamini mtu nisiyemjua. Lakini nadhani tunachanganya mambo mawili. Kumwamini mwenzako ni jambo moja. Kumwazima jina lako ni jambo jingine. Laiti fundi wa mchana angekuwa ametia sahihi yake, mjukuu wangu angeiamini na kuendelea na mstari unaofuata, na hakuna ambaye angemlaumu. Kuaminiana ni mnyororo, na kila pete ni mtu aliyeona kitu fulani. Kijana akitia sahihi mahali ambapo hakuona, ameweka pete ya karatasi kati ya pete za chuma, na anayevuta mnyororo kwa mbali hawezi kujua ni ipi. Ndiyo maana nilimwambia kwamba hakumtilia shaka fundi wa mchana. Alikataa tu kujifanya yeye.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni heshima. Sisi tumewalea watoto wetu kwa methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtoto aliyekua hivyo, akifika kazini na mkubwa wake akamwamuru jambo, ulimi wake huwa mzito. Na ni vyema uwe mzito kidogo, kwa sababu mkubwa aghalabu anajua zaidi. Lakini si kila mara. Mwezi Juni 1990 ndege moja ya Uingereza ilikuwa inatoka Birmingham kwenda Málaga, na kioo cha mbele upande wa nahodha kikachomoka hewani. Nahodha alivutwa nje nusu mwili, akashikwa miguu na wahudumu mpaka msaidizi wake alipotua Southampton. Kwa rehema ya Mungu alipona. Kioo kile kilikuwa kimefungwa usiku wa kuamkia siku moja kabla, na msimamizi wa zamu mwenyewe, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kati ya bolti 90 alizotumia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Alizilinganisha na za zamani kwa macho. Mtunza ghala alikuwa amemtajia aina ya bolti inayotumika kwa kazi ile. Alisema, na shauri likaishia hapo. Mwenye cheo kidogo alikuwa na ukweli, na mwenye cheo kikubwa alikuwa na mazoea.

Sitaki msomaji anielewe kwamba namhimiza kijana awe mkaidi. Mjukuu wangu alianza na neno “samahani”, akamwita mkubwa wake “mzee”, hakupaza sauti. Heshima yake ilikuwa kamili. Nami namheshimu pia msimamizi yule, ingawa simjui. Alikuwa na ndege ya kuondoka alfajiri na watu juu yake wanaomwuliza dakika. Angeweza kuitia sahihi yeye mwenyewe, au kumwita kijana mwingine asiye na ulimi. Alifungua kifuniko. Methali ile basi nadhani inahitaji mwenzake: na mkuu asiyesikia la mdogo, miguu inayovunjika mara nyingi si yake.

Baada ya hayo nilimweleza mjukuu wangu jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu wa nyumbani kwangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini. Chuo cha ualimu kilituletea wanachuo watano kwa mazoezi ya kufundisha ya wiki sita. Kwa kila mmoja nilipewa fomu, na humo nilitakiwa kueleza masomo manne niliyomwona akifundisha. Wiki zile tulikuwa tunachoma matofali ya madarasa mawili, na mvua ilikuwa inakaribia. Wanne niliwaona kama inavyotakiwa. Wa tano, kijana mpole wa darasa la kwanza, nilimwona mara moja tu, tena nikiwa nimesimama mlangoni. Ijumaa gari la chuo likaja kuchukua fomu. Nikakaa ofisini nikajaza masomo matatu ambayo sikuyaona. Niliandika kwamba anaandaa zana vizuri, sauti yake inasikika, analimudu darasa. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri wa shule. Sikuhisi kwamba nimesema uongo. Nilihisi kwamba nimemsaidia mtoto wa mwenzangu.

Mwaka 1997 tulikutana kwenye semina ya walimu wilayani. Alinipa shikamoo kwa furaha, tukala pamoja. Katika mazungumzo akasema, bila uchungu wowote: “Mwalimu, miaka yangu mitatu ya kwanza watoto hawakujua kusoma. Niliwalaumu wao, nikawachapa. Wewe uliandika kwamba najua kufundisha kusoma, nami nikakuamini. Nilijua ulikuja mara moja tu, lakini nilidhani mwalimu mzoefu humjua mtu kwa mara moja.” Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja mama wa shule alikopangiwa, ambaye alikaa nyuma ya darasa lake muhula mzima akimwonyesha kosa moja moja.

Nilimwomba radhi palepale. Lakini watoto wa miaka mitatu ile siwezi kuwaomba. Siwajui majina. Sasa ni watu wazima, na yamkini baadhi yao hadi leo hupewa karatasi na kutia alama ya kidole gumba. Shule haianguki kutoka angani, basi kosa langu halikuandikwa gazetini. Lilipasuka polepole, mahali ambapo sikuwepo. Na mtu wa kwanza niliyemdhulumu ni kijana mwenyewe. Anayeanza kazi ana haki ya kuambiwa asichokijua. Mimi nilimnyang’anya haki hiyo kwa kalamu, nikadhani ni fadhila.

Mjukuu wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza afanye nini na fundi wa mchana. Nilimshauri amwendee, asingoje kufuatwa, amwambie: kaka, kazi yako ilikuwa nzuri, nimeiona; nisamehe kama umeumia; siku nyingine nitafanya vilevile, nawe nifanyie hivyo. Hapo aliomba tuache, akacheka kidogo.

Kuhusu ajira yake sikuwa na la kumwahidi, na sitaki kumdanganya msomaji pia. Ni rahisi kwa mzee mwenye pensheni yake kumhimiza kijana aseme kweli. Baba yake aliuza kiwanja ili amlipie ada. Kazi za namna ile ni chache na wanaozingoja ni wengi. Gharama ya neno “sijaiona” huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuilipa, na hilo ni kosa letu sisi wakubwa, kwa kuwa ndio tunaopanga bei. Msimamizi anayecheka neno hilo anapandisha bei; anayeshukuru anaishusha. Pale linapokuwa ghali mno, vijana hujifunza kukaa kimya, na kadi zote hujaa sahihi nzuri.

Aliondoka Jumapili kwa basi la alfajiri. Mwisho wa mwezi ujao haujafika, nasi tunangoja. Akirudishwa, chumba chake kipo na bibi yake bado ana mbaazi. Akibakizwa, nina ombi moja kwake, na kwa kila aliyewahi kuwa mchanga kazini na sasa ni mkubwa: siku kijana atakaposimama mbele yako saa kumi ya alfajiri na kukwambia kwamba hajaiona, mshukuru wenzake wakisikia, kisha mfungue kifuniko.